Bosi: Amri Haijulikani

Masikio yangu bado yana moto. Ukutani, kwa herufi ambazo projekta ilizikuza hata aliyesahau miwani nyumbani akazisoma, palikuwa na maneno haya: bosi analipa tarehe arobaini. Mstari wa chini yake seva ilikuwa imejibu, bila haraka wala woga, kwamba imeitafuta amri iitwayo "bosi" na haijaiona.

Bosi alikuwepo. Alikaa katikati ya wageni, kikombe cha chai mkononi, akasoma kama walivyosoma wengine, kutoka kushoto kwenda kulia. Nilimwona midomo ikimcheza alipofika kwenye neno la mwisho.

Hakuna aliyesema kitu. Kisha yule mama wa manunuzi kutoka upande wa wateja, ambaye tangu kikao kianze hakuwa ameuliza swali lolote, akafungua daftari lake ukurasa mpya.

"Hiyo nayo ni sehemu ya mfumo?"

"Ndiyo, mama," nikajibu. "Ni jaribio."

"Linajaribu nini?"

"Kuona kama seva inakataa amri zisizo halali."

"Naona imekataa," akasema, na akaandika.

Mhasibu wetu aliangusha kalamu, akainama kuiokota, akabaki chini ya meza muda mrefu kuliko kalamu yoyote inavyostahili. Kijana wa field, aliyeletwa kikaoni ajifunze jinsi wataalamu wanavyoonyesha kazi, akamnong'oneza mwenzake: "Arobaini? Si ndizo zile za mwizi?" Kiyoyozi kikachagua sekunde hiyo hiyo kuzima, kwa hiyo mnong'ono ukafika mpaka mlangoni. Bosi akaweka kikombe mezani. "Endelea," akaniambia. Siku zote huniita "fundi". Siku hiyo sikuitwa chochote.

Naomba ieleweke kwamba sikuwa naandika ujumbe. Ile ilikuwa nywila. Wataalamu wa usalama wametuhubiria miaka mingi kwamba sentensi ndefu unayoikumbuka ni bora kuliko neno fupi lililojazwa alama za mshangao, nami ni msikivu. Nikachagua sentensi ambayo nisingeweza kuisahau, kwa kuwa kila mwisho wa mwezi kuna mtu ananikumbusha. Nywila hiyo inafungua ufunguo wangu wa SSH, na ufunguo unafungua seva zote ninazozihudumia. Mashine haionyeshi hata nyota unapoichapa: unachapa gizani, unabonyeza Enter, basi. Tangu niitunge hakuna jicho la binadamu lililowahi kuiona, langu likiwemo.

Siku ile mashine haikuniuliza nywila. Ingeniuliza, nisingeaibika.

Hapa inabidi nieleze, na nikianza kueleza jambo hili huwa sinyamazi. Nyumbani wameshazoea kuniacha sebuleni peke yangu.

SSH ilizaliwa Finland mwaka 1995. Tatu Ylönen, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Helsinki, alichoshwa baada ya mtu kuutega mtandao wa chuo na kuzoa nywila za watu. Kuzizoa hakukuhitaji uchawi. Telnet, programu iliyotumika wakati huo kuingia kwenye kompyuta ya mbali, ilipeleka nywila mtandaoni uchi kama ilivyozaliwa, na yeyote aliyekaa njiani aliisoma. Ylönen akaandika programu inayofunika kila kitu kwa fumbo, akaomba namba ya mlango, akapewa 22, katikati ya 21 ya FTP na 23 ya telnet, yaani akapangishwa ukuta kwa ukuta na wale wale aliokuja kuwaondoa mjini. Mwaka 1999 watu wa OpenBSD wakatoa OpenSSH, toleo huru ambalo ndilo wengi wetu tunalitumia leo.

Uzuri wenyewe uko kwenye funguo. Unakuwa na jozi: ufunguo wa hadharani unauacha kwenye seva, ufunguo wa siri unabaki nao. Ukibisha hodi, unasaini kwa ufunguo wa siri data inayohusu hodi ile tu, seva inakagua sahihi kwa ufunguo wa hadharani, unaingia. Ufunguo wa siri hausafiri popote. Lakini ufunguo huo ni faili, na faili huibwa, kwa hiyo nalo linafungwa kwa nywila. Basi umerudi ulikotoka: kila unapotaka kuingia kwenye seva, unachapa nywila.

Ndipo akaja wakala, ssh-agent. Unamfungulia ufunguo mara moja asubuhi kwa amri ya ssh-add, naye anaukalia kwenye kumbukumbu ya mashine mpaka utakapoizima. Mfikirie mtendaji wa mtaa na muhuri wake. Utamletea barua atagonga, utaleta nyingine atagonga, lakini hata ulie namna gani hakupi muhuri uende nao nyumbani. Wakala ndivyo alivyo, tena kwa ukali zaidi, maana katika lugha anayozungumza na programu nyingine hakuna kabisa ombi la "nipe ufunguo wa siri". Unaweza kumwomba aorodheshe funguo alizonazo, asaini kitu, apokee ufunguo mwingine, aufute, ajifunge mwenyewe kwa nywila. Ombi la kukabidhiwa halina hata maneno ya kulisemea. Aliyekaa akalibuni hilo angekuwa kwetu ningemchangia harusi.

Sasa, ofisi ya mtendaji iko wapi? Hapo ndipo mambo yote yalipoharibikia.

Wakala anaposimama hufungua soketi, ambayo ni faili lisilohifadhi kitu. Ni tundu la kuzungumzia tu. Kwa desturi ya miaka mingi, hadi mwaka 2025, tundu hilo lilipachikwa ndani ya /tmp, kwenye folda yenye jina la herufi za kubahatisha, ili mpita njia asilibashiri. Kwa hiyo kila wakala ana anwani ya peke yake, na kabla hajasimama hakuna anayeijua. Ssh na wenzake wanaipataje? Wanaisoma kwenye kigeu kiitwacho SSH_AUTH_SOCK, ambacho hukaa kwenye mazingira ya programu. Mazingira ni orodha ya majina na thamani zake, na kila programu ya Unix huzaliwa nayo ikiwa imenakiliwa kutoka kwa mzazi wake. Mzazi humrithisha mtoto. Mtoto hawezi kumbadilishia mzazi chochote, na ndugu hamrithishi ndugu. Hakuna rufaa.

Tazama balaa lake. Ukiandika ssh-agent kwenye sheli (ile ya kompyuta inayopokea amri zako, si ya mafuta), wakala anakuwa mtoto wa sheli. Anwani anayo yeye, sheli haina, na yeye hana njia ya kuiingiza kwenye mazingira ya mzazi. Unajua anafanyaje? Anaichapa. Anaandika kwa lugha ya sheli mistari inayosema "SSH_AUTH_SOCK ni hii, watangazieni watoto", kisha anajitenga nyuma ya pazia akitumaini kwamba mwenye akili atayachukua maandishi yale na kuyatekeleza kama amri. Hiyo ndiyo sababu ya ile eval tunayoinakili wote bila kuuliza. Eval "$(ssh-agent)" maana yake ni: sheli, sikiliza anachosema mtoto wako, kisha ukifanye wewe mwenyewe. Nilipolielewa hili usiku nilicheka peke yangu mpaka nikaulizwa kama niko salama. Hesabu zote zile ngumu za kufumba na kufumbua, kisha mwishoni kazi inategemea mtoto apige kelele na mzazi akubali kusikia.

Na apige kelele kwa lugha ipi? Maana sheli hazielewani. Ile ya Stephen Bourne, iliyotoka na Unix toleo la 7 mwaka 1979, inataka jina, alama ya sawasawa, thamani, kisha export. Ile ya Bill Joy wa Berkeley, csh, ya miaka hiyo hiyo, inataka setenv. Bash ya mwaka 1989 na zsh ya mwaka 1990 zilimfuata Bourne. Fish, iliyozaliwa 2005, haikutaka kumfuata mtu. Ina set yake, na ukiweka thamani kwa alama ya sawasawa inakukaripia hadharani na kukuelekeza njia yake. Nilikwenda kusoma msimbo wa wakala nione anawezaje kukisia lugha ya mteja. Anaangalia kigeu kiitwacho SHELL, anachukua herufi tatu za mwisho za jina lililomo, na zikiwa c, s na h, anaongea csh. Zikiwa kitu kingine chochote, anaongea Bourne. Utafiti wake wote ndio huo. Tena SHELL haimaanishi sheli unayoitumia sasa hivi. Ni ile uliyoandikishwa nayo kwenye mfumo. Kwa hiyo mtumiaji wa fish, ambaye sheli yake inaishia na "ish", anahesabiwa kuwa mtu wa Bourne na kuhutubiwa kwa lugha isiyotekelezeka nyumbani kwake. Dawa yake ni kumlazimisha wakala aongee csh kwa kumpa -c, kwa kuwa fish, kwa hisani tu, inaielewa setenv.

Mimi ninazo tatu. Bash niliikuta, zsh niliiga kwa jamaa mmoja, fish ilinivuta kwa jinsi inavyokumalizia amri kabla hujafika katikati. Mwongozo niliouanzia ulisema niweke mstari wa eval kwenye .bashrc. Niliuweka. Haukusema kwamba .bashrc husomwa kila dirisha la bash linapofunguliwa, kwa hiyo kila dirisha lilikuwa linaajiri wakala mpya, na wakala aliyeajiriwa kwa njia hiyo hafi dirisha linapofungwa. Siku nilipoandika pgrep ssh-agent, namba zilishuka mpaka za juu zikatoweka. Mtaa mmoja, watendaji kibao, kila mmoja kajifungia ofisini kwake, wengi wao hawana hata muhuri, na mkazi anazunguka na barua mkononi. Zsh haikuwa na wakala kabisa. Fish ilikuwa na wake ambaye hakuna mwingine aliyemjua. Basi nilikuwa nikiulizwa nywila kutwa, na vidole vikakariri: ssh, jina la seva, Enter, bosi analipa tarehe arobaini, Enter. Mwishowe vilikuwa havingoji hata kuulizwa.

Usiku wa kuamkia kikao nikaamua fujo hii iishe. Nikawafukuza mawakala wote, nikamsimamisha mmoja kwa ssh-agent -a, ambayo inakuruhusu kuchagua anwani mwenyewe badala ya kubahatishiwa. Nikachagua faili ndani ya folda yangu ya .ssh. Anwani ikishakuwa moja isiyobadilika, kelele za mtoto hazihitajiki tena. Kila sheli inaandikiwa anwani ile ile kwenye faili lake la kuanzia, kwa lahaja yake. Kilichobaki ni kujua kama mwenyewe yupo kabla ya kuajiri mwingine, na hilo nalo limewekewa njia ya kupendeza: ssh-add -l hurudisha 0 kama wakala yupo na ana funguo, 1 kama yupo lakini hana ufunguo, na 2 kama hapatikani. Unaajiri ukipata 2 tu. Nikaandika ya bash, nikaandika ya zsh, nikampa wakala ufunguo. Ya fish nikaiacha, kwa kuwa ilikuwa usiku wa manane na fish haiandikiki ukiwa na usingizi. Mashine nikailaza bila kuizima.

Asubuhi nikafanya mazoezi kwenye dirisha la fish. Likaniuliza nywila, vidole vikajibu, mambo safi. Kwenye kikao, waliokaa nyuma wakalalamika kwamba maandishi ni madogo, nikafungua dirisha la zsh lenye maandishi makubwa. Ssh, jina la seva, Enter. Wakala wangu mpya, muhuri tayari mkononi, akagonga. Seva ikafungua mlango. Na hakuna aliyevijulisha vidole. Vilikuwa vimeshaondoka. Sentensi nzima ikapita mlangoni ikaingia kwenye seva ya wateja, ambako hakuna giza, kila unachochapa kinaonekana, na Enter ikaifanya kuwa amri.

Yaani nilidhalilika kwa sababu kitu changu kilifanya kazi. Kingeharibika kama kawaida yake, ningetoka mle chumbani na heshima yangu.

Baadaye kidogo nikabonyeza mshale wa juu kutafuta amri ya awali, na bash, ambayo hukumbuka kila ulichoiambia, ikairudisha sentensi ukutani.

Jioni nikaanza kusafisha. Ssh-keygen -p hubadilisha nywila ya ufunguo bila kugusa ufunguo wenyewe, lakini nakala iliyoko kwenye flashi ya akiba inabaki kufunguka kwa nywila ya zamani, kwa hiyo ikanibidi nitengeneze ufunguo mpya kabisa, aina ya ed25519, na kuusambaza. Kwenye seva zetu haikuchukua muda wa kunywa chai. Kwa wateja kuna fomu. Fomu ina nafasi iliyoandikwa "Sababu ya kubadilisha ufunguo", na chini yake "Sahihi ya mkuu wa taasisi". Nikajaza "utaratibu wa kawaida wa usalama" na kuipeleka. Bosi akaisoma, akashika kalamu, akaiacha hewani.

"Utaratibu wa kawaida?"

"Ndiyo, mkuu."

"Hiyo mpya inasemaje?"

"Nywila haisemwi, mkuu."

"Ile ya kwanza mbona ilisemwa?"

Akasaini.

Ofisini sasa ni utani. Mtu akipita mezani kwangu ananiuliza leo ni tarehe ngapi, nami nacheka kama inavyotakiwa. Lakini katika vicheko vyote hivyo sijamsikia mtu hata mmoja, bosi mwenyewe akiwemo, akisema kwamba sentensi ile ni ya uongo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inamtaka mwajiri alipe siku ya malipo iliyokubaliwa. Siku hiyo imo kwenye mkataba wangu, kwa tarakimu na kwa maneno, ili pasiwe na utata. Mwenye nyumba wangu anataka kodi ya miezi sita mbele na kalenda yake haina tarehe arobaini. Ada ya shule ina tarehe. Yuniti za umeme zikiisha, giza halisubiri hundi ya mteja. Seva ikinyamaza usiku wa Jumapili napigiwa simu, na nisipopokea naulizwa kesho yake kama bado nina nia na kazi. Mshahara ukinyamaza, mimi nimpigie nani? Naambiwa tuvumiliane, wateja hawajalipa. Wateja nao niliwaona kwa macho yangu wakisoma ukutani kwamba hatulipwi, na hakuna aliyeinua kichwa kusema wao walishalipa au hawajalipa. Nilitaka kuandika haya kwa mzaha lakini mzaha umenikatikia njiani. Nywila ile haikuwa siri. Kila aliyekuwa upande wetu wa meza angeweza kuibashiri, na huo ndio ulikuwa udhaifu wake kiusalama.

Turudi kwa wakala. Hajatulia.

Umeme ulikatika, betri ikafa, na mashine ilipoamka lile faili la soketi lilikuwepo bila mwenyewe, kwa hiyo wakala mpya akagoma kusimama akidai anwani imekaliwa; rm kwanza, ajira baadaye.



Jamaa wa meza ya pili alimpakia wakala kila ufunguo aliowahi kutengeneza maishani. Seva huhesabu kila ufunguo inaoukataa kuwa ni jaribio, na kikomo cha kawaida ni 6, kwa hiyo alitimuliwa kabla zamu ya ufunguo halali haijafika. Aliniapia kwamba seva inamchukia. Nikamwandikia IdentitiesOnly yes kwenye ~/.ssh/config, wakapatana.

Kuna na ile ssh -A, inayompitisha wakala wako mpaka kwenye seva ya mbali ili ukifika huko uweze kuruka kwenda seva nyingine. Ni rahisi, ni tamu, na mwenye mamlaka ya juu kwenye seva hiyo anaweza kumtumia wakala wako muda wote uliomo ndani. Ufunguo hapewi, muhuri hagusi, lakini barua zake zote zinagongwa. Aprili 2019 mvamizi aliyepenya kwenye mradi wa Matrix.org alitumia njia hiyo hiyo kufika kwenye mashine za ndani, kisha akawafungulia wenyewe taarifa za kasoro huko wanakohifadhi msimbo wao, akiwashauri mmoja baada ya mwingine nini warekebishe, ikiwemo kuacha kumpitisha wakala. Mwizi anayekuachia orodha ya kufuli za kununua.

Fish hatimaye niliiandikia. Na baada ya kuiandikia nikagundua kwamba kazi yote ile ya sheli tatu haikuwa ya lazima, jambo ambalo liliniudhi kuliko kikao. Tangu OpenSSH toleo la 7.3 la mwaka 2016, unaweza kuandika IdentityAgent kwenye ~/.ssh/config, ukataja anwani ya wakala hapo, na ssh itaifuata bila kujali imeitwa na bash, zsh, fish au shetani. Mazingira hayaulizwi. Lahaja hazihusiki. Ongeza AddKeysToAgent yes, iliyokuja na toleo la 7.2 mwaka huo huo, na ufunguo utaingia kwa wakala wenyewe mara ya kwanza unapoutumia. Kuna dosari moja: ssh-add yenyewe haisomi faili hilo, kwa hiyo ukitaka kumuuliza wakala ana nini ni lazima SSH_AUTH_SOCK iwepo. Mtu mmoja, nyumba moja, na bado ndugu wawili wanamfikia kwa njia mbili. Asiyetaka shida hizo atumie keychain, aliyoianzisha Daniel Robbins, mwanzilishi wa Gentoo. Yeye alikubali kwamba sheli hazitaelewana mpaka kiama, kwa hiyo programu yake inakuandikia anwani ile ile kwenye faili tatu, moja kwa lahaja ya Bourne, moja ya csh, moja ya fish, kila sheli ijichukulie ya kwake. Mimi nimebaki na anwani ya kudumu na IdentityAgent, na wakala namsimamisha kwa systemd ninapoingia kwenye mashine, kabla sheli yoyote haijaamka kuleta maoni yake.

Ombi langu ni kwa wanaoandika miongozo, hasa ninyi mnaoiandika kwa Kiswahili na kusomwa na kijana ambaye hana wa kumuuliza. Mkisema "weka mstari huu", andikeni na jina la sheli. Andikeni na jina la faili. Kisha mseme kama faili hilo husomwa mara moja mtu anapoingia, au kila dirisha linapofunguliwa. Ni mstari mmoja zaidi, na kwenye mwongozo wangu haukuwepo.